Desmodiamu kwa shamba la kayongo: nimeitumia misimu sita

Watu wa Busia na Siaya mnaijua kayongo (striga), gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, wenzetu Tanzania wanaiita kiduha, ule ua mzuri wa zambarau unatokea kwa mahindi halafu mahindi yanabaki kimo cha goti. Mimi nimeng'oa miaka mingi, shamba linakuwa safi nafurahi, msimu unaofuata zinatoka tena kama sikufanya kitu. Kumbe mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu 50,000 na zaidi, laini kama vumbi, na zinalala kwa udongo hata miaka 15 zikingoja mzizi wa mahindi au mtama upite karibu, mzizi ukitoa kemikali yake ndio zinaamka. Na haziamki zote pamoja! Zingine mwaka huu, zingine zinabaki, ndio maana hata kupumzisha shamba mwaka mzima hakukunisaidia. Nilikuwa napigana na zile za juu na stoo yote iko chini.

Desmodiamu ni mmea wa jamii ya kunde, unaipanda katikati ya mistari ya mahindi, ni sehemu ya ile mbinu ya pushi-puli ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Mizizi yake inaziamsha mbegu za kayongo halafu inazizuia zisishike mzizi wa mahindi, basi zinafia hukohuko chini. Hiyo ndiyo kazi nililipia na inafanyika kweli.

Lakini msimu wa kwanza usitarajie kitu, kayongo ilitoka vilevile na jirani akaniambia nimetupa pesa. Msimu wa tatu ndio nikaona zimepungua, saa hii nang'oa chache tu kwa mkono kabla zitoe maua maana hata moja ikikomaa inajaza stoo upya. Kona moja sikupanda desmodiamu, hapo bado ni zambarau tupu.

Ubaya ni mbegu. Ghali sana, na pakiti ya kwanza nilichukua agroveti fulani ikaota hapa na pale tu, ikabidi niombe mashina kwa mama mmoja wa kikundi chetu nikapandikiza, hayo yakashika vizuri. Pia mwanzoni inakua polepole, simama na wapaliliaji mwenyewe ama wataing'oa wakidhani ni magugu. Ikishashika unakatia ng'ombe kila mara, na anaipenda.

Naipa nyota nne kati ya tano, moja nimetoa kwa bei. Ile kona naipanda mvua ikianza, mwenye mbegu nzuri karibu na Bumala aniambie robo kilo ni ngapi.