Ati jino haliwezi kuuma, ni woga wangu tu!

Nilikuwa nimepanga kuandika sifa. Kliniki hii ya meno, hapa Bukavu upande wa Nyawera, ni safi, na docta mwenyewe ana mkono mwepesi. Sindano yake hata sikuisikia. Lakini neno alilonitupia niliporudi bado limenikaa kooni, basi sifa zingoje.

Jino lenyewe ni gego la juu. Lilianzia kwenye chai: unameza, moto unaondoka, maumivu yanabaki. Usiku ukilala yanazidi, yanapigapiga mpaka sikioni. Dawa za kumeza za famasi hazikufua dafu, na docta alinieleza vizuri sababu yake (haki yake nampa): uozo ulikuwa umefika kwenye kiini, penye mshipa wa fahamu na damu, na kiini kikivimba hakina pa kwenda maana kuta za jino ni ngumu. Ama jino ling'olewe, ama litobolewe, kiini kitolewe chote, mifereji ya mizizi isafishwe na kuzibwa. Wengi kwetu wanang'oa, ni haraka na ni bei nafuu. Mimi nikasema hapana, nitalitafunia jino langu.

Akapiga radio, ile picha ya kuona ndani ya jino, akachokonoa mizizi kwa visindano vyembamba, akaosha kwa dawa yenye harufu ya javeli, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, akaziba. Nikalipa dola zangu nikimshukuru.

Siku chache za kusikia uchungu ni kawaida, hilo alinionya. Lakini wiki zinapita na bado ninatafunia upande mmoja! Hata sambaza, visamaki vya ziwani, wa kukaanga wananishinda. Nikipanda mtaa wa Kadutu kwa moto, yaani pikipiki, kila shimo analoingia motari nalisikia kwenye jino lile lile.

Nikarudi. Hakuniketisha hata kwenye kiti. Simu iko sikioni, ananiangalia mlangoni: "Mama, mshipa nimeshaua. Jino lililokufa haliumi. Ni woga wako tu, nenda upumzike." Mbele ya watu! Kijana mmoja kwenye benchi akacheka, naye shavu limemvimba. Halafu binti wa mapokezi akanidai pesa ya kuonana na docta. Kuonana gani? Nimelipa ili nitangaziwe kwamba mimi ni mwoga.

Na si kweli, ndiyo maana nawaka. Jino lisilo na mshipa linaweza kuuma vizuri sana, kwa sababu nyama na mfupa vinavyoshika mzizi vina mishipa yao. Vijidudu vikibaki ndani ya mfereji vinatokea kwenye ncha ya mzizi, na hapo hata jipu linaweza kuota.

Docta mwingine, mama mmoja mpole, alipiga radio tena akiwa ameelekeza mashine kwa pembe nyingine. Gego la kwanza la juu, akasema, mara nyingi lina mfereji wa nne, mwembamba, umejificha karibu na mwenzake. Akafungua jino, akautafuta mpaka akaupata, akausafisha. Sasa ninatafuna. Bado kofia ya kulifunika jino, maana gego lililotolewa kiini linapasuka kwa urahisi, na hiyo pesa sijaipata.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba huyu mama alimtetea mwenzake: mfereji huo hata mafundi wazuri unawapita, hasa wasipokuwa na kioo cha kukuza. Sawa, mama. Mkono wa yule bwana nimeusamehe. Lakini radio moja ya pili ingemgharimu nini, badala ya kunifanya nichekwe na watu?

Nampa nyota mbili. Hapana, moja, ile nyingine ni ya sindano, na hata hiyo nililipia.

Ila mwanangu ana jino limetoboka, na kwa sindano hakuna wa kumshinda yule bwana. Huenda nikampeleka huko huko. Nitaingia naye mpaka kwenye kiti, na simu ya docta ibaki mezani.