Chakula kilichokaushwa kwa mtoto wa mbwa aliyezoea nyama mbichi: uzoefu wangu Mwanza

Natumia chakula cha mbwa kilichokaushwa (kile cha unga na vipande kinacholowekwa maji kabla ya kuliwa) kwa kazi moja tu: kuwalisha watoto wa mbwa waliozoea nyama mbichi siku ambazo mwenyewe sipo. Nikiwa nyumbani sikihitaji. Mwanza moyo wa ng'ombe, firigisi na miguu ya kuku haviadimiki, na mapanki ya sangara (mabaki yake baada ya minofu kutolewa) yapo kwa wanaoyatumia. Ugumu unaanza pale unapomwachia mtu mwingine kazi hiyo. Nyama ya kutosha siku 8 inataka friza inayogandisha siku zote 8. Umeme ukikatika usiku kucha nyama inayeyuka, ukirudi inaganda tena, na anayelisha haoni tofauti. (Ukiamua kuacha nyama mbichi hata hivyo, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe kwenye friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, ujue barafu iliyeyuka katikati ya safari.)

Kwa hiyo ninachokinunua hasa kwenye mfuko wa chakula kikavu ni kuondokana na friza. Kwa kazi hiyo nakisifu bila kusita, ila kina masharti, na mengi kati ya hayo hayajaandikwa kwenye mfuko.

Kwanza lebo. Kuna aina mbili zinazofanana sana kwa macho. Moja ni mlo kamili: nyama, viungo vya ndani, mfupa uliosagwa, mboga kidogo, vitamini na madini. Nyingine ni mchanganyiko wa mboga na nafaka tu, ambao mwenye mbwa anatakiwa kuuongezea nyama yake. Ukimwachia anayelisha aina hii ya pili, mtoto wa mbwa atakula mboga wiki nzima. Soma maelezo madogo ya nyuma, na hakikisha yametaja ukuaji. Chakula cha mbwa mzima pekee hakimfai anayekua. Kwa mbwa watakaozidi kilo 32 wakikomaa, lebo itaje wazi ukuaji wa mbwa wakubwa, kwa sababu kalsiamu ikizidi inaharibu mifupa yao kama inavyoharibu ikipungua. Mimi natafuta kalsiamu isiyopungua asilimia 1.2 wala kuzidi 1.8, ikihesabiwa bila maji. Kikiwa na unga wa vitunguu, nakirudisha kwenye rafu ya duka.

Sasa kipimo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mifuko mingi inapima kwa kikombe, na kikombe hicho ni cha Marekani, mililita 240. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa 200 au 350. Kwa mbwa mkubwa tofauti hiyo inavumilika. Kwa mtoto wa mbwa wa kilo 8 inatosha kumharisha au kumshindisha njaa. Pima kwa gramu, kwa mizani ya jikoni.

Hesabu yangu inaanzia kwenye nyama aliyokwisha kuizoea. Mtoto wa mbwa wa miezi 4 mwenye kilo 8, anayekula asilimia 6 ya uzito wake, anakula gramu 480 za mbichi kwa siku. Mlo mbichi ni maji kwa takriban asilimia 70, kwa hiyo chakula chenyewe ni kama gramu 144. Chakula kilichokaushwa vizuri kinabaki na maji asilimia 8 hivi. Ukigawa 144 kwa 0.92 unapata gramu 156 kavu. Kwa ufupi, uzito wa mbichi gawanya kwa 3. Wapo wanaogawanya kwa 4 kwa kuwa wanaona kinavimba sana bakulini, na matokeo yake mbavu zinaanza kuhesabika kabla mwenye mbwa hajarudi. Kisha linganisha na kipimo cha mfuko kwa uzito huo. Vikipishana kwa zaidi ya theluthi moja, mfuko wako una mafuta mengi au machache kuliko nyama yako, na hapo nafuata mfuko.

Gramu 156 kwa milo 3 ni gramu 52 kila mlo, na maji ni mara mbili yake, yaani mililita 104. Mimi naweka 110. Nafunga kila mlo kwenye mfuko wake wa zipu na kuandika kwa maka: J3 asubuhi, J3 mchana, J3 jioni, na kuendelea. Siku 8 ni mifuko 24, naongeza 3 ya dharura maana mabasi na meli huchelewa. Kwa maji nakata chupa ya nusu lita, napima mililita 110, nachora mstari mwekundu. Anayelisha hahesabu chochote. Safari ikizidi siku 10, mifuko ya wiki ya pili naizidishia gramu 4 au 5 kila mmoja, kwa kuwa umri huo mbwa anaongezeka uzito kila wiki.

Kuloweka kuna siri yake. Maji ya kunywa yaliyochemshwa, yakapoa mpaka mkono unastahimili bila kuungua. Yakimwagwa yakiwa yanachemka, mafuta yanajitenga juu na unga unashikana madonge yenye ukavu ndani. Yakiwa ya baridi, vipande vya nyama havifunguki upesi. Dakika 5 za kwanza utaona mboga zimejaa na kupanda juu, mchuzi umekuwa wa kahawia, na ni rahisi kudhani kipo tayari. Bado. Chota kipande kikubwa kuliko vyote, kibinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikiwa na kiini kigumu kama punje ya mchele mbichi, subiri. Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 20. Kikiliwa na ukavu, kitavuta maji tumboni. Mbwa atakunywa maji kwa pupa, tumbo litajaa, na nusu saa baadaye atatapika vyote. Aliyempa atasema chakula ni kibovu, kumbe ni haraka.

Usimbadilishie siku ya safari. Naanza siku 10 kabla: siku 3 robo ya mlo ni kavu iliyolowekwa, siku 3 nusu, siku 2 robo tatu, siku 2 za mwisho yote. Siku hizo za mwisho naomba anayebaki ndiye aloweke na kumpa, mimi nikiangalia. Mbwa wa nyama mbichi wengi wanasita mwanzoni kwa sababu hakuna cha kutafuna na harufu ni hafifu. Kinachosaidia ni joto la mwili, si zaidi, na kijiko kimoja cha dagaa waliosagwa. Dagaa wa soko la Mwaloni ni wazuri, ila wengi wanaanikwa mchangani, kwa hiyo waoshe maji mawili matatu, waanike upya, ndipo uwasage. Wasiwe na chumvi.

Kinyesi kitabadilika, na ni lazima anayebaki aambiwe mapema. Mbwa wa nyama mbichi anatoa choo kidogo, kikavu, karibu cheupe kwa ajili ya mfupa. Kwenye chakula hiki choo kinakuwa kingi zaidi, cha kahawia na laini kiasi, kwa sababu ya mboga. Choo kinachookoteka hakina tatizo. Kikiwa kama uji kwa siku mbili, punguza mlo kwa robo. Damu kwenye choo, kutapika zaidi ya mara mbili, au kugoma kula nusu siku huku amelegea, hapo ni daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na namba yake ibaki ukutani. Chanjo na dawa ya minyoo viwe vimekamilika kabla hujaondoka.

Ninachokiogopa zaidi ni huruma. Anayebaki na mbwa huona unga uliolowekwa akamwonea mnyama huruma, akamwongezea ugali wa dona na mifupa ya sangara waliopikwa. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na ini la mbwa haliistahimili. Kwa hiyo naacha karatasi, nimeiandika kwa heshima na kwa uwazi: "Dada, mfuko mmoja kwa mlo mmoja. Maji ya uvuguvugu hadi mstari mwekundu. Subiri dakika 20, binya kipande, kikiwa laini mpe. Baada ya nusu saa ondoa bakuli, kilichobaki kitupe, usikirudishe kwenye friji. Usimwongezee chochote, hasa mifupa. Akilia, mpe maji na mcheze naye." Kwa kutafuna naacha vipande vya ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa bila chumvi wala dawa, kimoja kwa siku, anayemlisha akiwepo.

Nusu saa ya bakuli siitanii. Kukausha kwa joto dogo hakuui vijidudu vyote. Salmonela inaweza kulala kwenye unga mkavu ikaamka ikipata maji, na joto la mchana la hapa linaipendeza. Kilicholowekwa kihesabu kama nyama mbichi: bakuli lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, mikono pia, na watoto wasilichezee.

Kasoro kubwa ya bidhaa yenyewe ni kwamba haikutengenezwa kwa hewa ya ziwani. Zipu ya mfuko mkubwa hailingani na unyevu wa Machi hadi Mei. Nimefungua na kufunga mfuko mmoja kwa wiki tatu, unga ukaanza kushikana pembeni na harufu ikawa ya mafuta ya kale. Ukifikia hapo tupa, usiuanike. Ndiyo maana nafunga mifuko yote midogo siku moja, mchana mkavu, natoa hewa, naipanga kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Ndoo inazuia panya na sisimizi. Jioni za wadudu wa ziwani, bakuli liwe mbali na taa, la sivyo chakula kinafunikwa kabla hajamaliza.

Bei inatisha ukilinganisha kilo kwa kilo na buchani. Linganisha kilo moja kavu na kilo tatu za nyama. Hata hivyo bado ni ghali, na kwa mwezi mzima sikishauri. Kukausha mwenyewe nyumbani kunaokoa pesa kwa mbwa mzima, lakini nyama tupu iliyokaushwa haina mfupa, na kukisia kalsiamu ya mtoto wa mbwa kwa maganda ya mayai ni kumwekea rehani miguu yake.

Ukirudi, mrudishe kwenye mbichi kwa siku 4, ukianza na nyama laini isiyo na mfupa. Mfupa uje siku ya tatu, mdogo. Mifuko 3 ya dharura iliyobaki imalize ndani ya siku hizo. Isisubiri safari nyingine.