Jackson na enamu isizozijua: nyota nne

Jackson naitumia karibu kila siku kusomea JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) kwenye Java, ni laibrari nzuri, ila hii ya enamu, yaani orodha ya thamani zinazokubalika tu, lazima niiseme. Tulikuwa na oda zenye hali tatu, PENDING, PAID na FAILED, tukalala zetu, siku moja wenzetu wa upande wa malipo wakaongeza REVERSED bila kumwambia mtu, basi usiku kucha simu inalia, kila ujumbe wenye hilo neno unapigwa kosa la InvalidFormatException na oda nzima inatupwa wakati kiasi na kila kitu kingine viko sawa kabisa. Kosa letu, maana Jackson usipoigusa ndo ilivyo, inagoma.

Dawa ipo tangu toleo la 2.8. Unaongeza UNKNOWN kwenye enamu, unaibandika alama ya @JsonEnumDefaultValue, halafu unawasha READ_UNKNOWN_ENUM_VALUES_USING_DEFAULT_VALUE, na usisahau hiyo swichi, alama peke yake haitoshi, nusu siku yangu iliishia hapo. Kuna swichi nyingine inarudisha null, yaani patupu, mi siitaki, unahamisha tatizo tu.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu neno lenyewe lililokuja linapotea, ukiandika tena JSON inatoka UNKNOWN. Proto3, muundo wa data wa Google ambao enamu zake husafiri kama namba, hapo imeizidi, kwenye Java unaona UNRECOGNIZED lakini namba halisi inabaki. Siku hizi mambo ya hela nasoma hali kama String (maandishi tu) kwanza, naihifadhi, ndo nageuza mwenyewe. Na jamani UNKNOWN msiifanye FAILED, mtamwambia mteja hajalipa na hela ishakatwa.