Chupa ya agave: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mkonge unaufahamu. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta pwani ya Tanga mwaka 1893, na katika shehena aliyoagiza kutoka Florida ni miche 62 tu iliyofika ikiwa na uhai. Kwetu yaliyofuata yakawa ni kamba, magunia na manamba. Kwao Mexico, mimea ya jamii hiyohiyo ya agave inavumbikwa, inachachushwa na kukenekwa mpaka inakuwa kinywaji kikali. Tequila ni aina moja tu ya kinywaji hicho, tena si ninayoipenda zaidi.

Tatizo ni kwamba ukiingia duka la vinywaji Nairobi, Dar au Kampala, mara nyingi utakuta tequila peke yake, na mara nyingi ile ya rangi ya dhahabu ya kumezwa haraka kwa chumvi na ndimu. Orodha hii ni ya mtu anayetaka kununua chupa moja yenye maana, awe anainunua mwenyewe au anamwagiza jamaa anayerudi kutoka Marekani au Ulaya. Nimeipanga kwa kuangalia kwanza lebo inakwambia nini kuhusu mtu aliyeipika, kisha ladha, kisha bei. Uzuri wa chupa yenyewe sikuuhesabu. Kioo kizito na kizibo cha nakshi huwa vinalipiwa na mnunuzi.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, igeuze chupa. Tafuta maneno “100% agave”. Tafuta jina la mpikaji na la kijiji. Kama ni tequila, tafuta herufi NOM na tarakimu nne baada yake; hiyo ni namba ya kiwanda, na kwa namba hiyo unaweza kujua chapa ngapi zinatoka kwenye mtambo mmoja huku kila moja ikijifanya ina babu yake. Halafu angalia nguvu. Mezcal, ndugu wa tequila mwenye ladha ya moshi, ikitoka vijijini Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, kwa kawaida huwa na kileo kati ya asilimia 45 na 52. Ikiwa 38 au 40, mara nyingi imeongezwa maji ili isimtishe mgeni.

Nafasi ya 1: Mezcal artesanal ya espadín

Anzia hapa. Espadín ndiyo agave inayolimwa zaidi Oaxaca. Inakomaa kwa takribani miaka 6 hadi 8, kwa hiyo haimalizi misitu na bei yake inashikika. Marekani, chupa nzuri utaipata kwa dola 40 hadi 60.

Neno “artesanal” kwenye lebo si pambo. Kanuni ya Mexico ya mezcal, NOM-070 ya mwaka 2016 (hapa NOM ni kanuni yenyewe, si namba ya kiwanda), imegawa mezcal mafungu matatu. Fungu la kwanza linaitwa mezcal tupu, na humo mashine za kiwandani zinaruhusiwa: matangi ya mvuke, mitambo ya kukamua sukari, minara ya chuma cha pua. Artesanal inataka tanuri la shimo au la kujengwa kwa mawe, na mtambo wa shaba au wa udongo unaochochewa moto moja kwa moja. Ancestral ni kali kuliko zote, nitaifikia.

Kinachofanyika ni hiki. Majani yanakatwa yote, unabaki moyo wa mmea ambao wenyewe wanauita nanasi, na ukiuona utajua kwa nini. Mioyo inapangwa juu ya mawe yaliyoiva moto ndani ya shimo, inafunikwa kwa makuti ya agave, mikeka na udongo, inaachwa siku tatu hadi tano. Moshi unaousikia kwenye mezcal unatoka humo shimoni, hakuna aliyeutia. Baadaye mioyo iliyoiva inasagwa kwa jiwe la duara linalovutwa na farasi au nyumbu, inatiwa kwenye mapipa ya mbao yaliyo wazi, na chachu ya hewani inafanya kazi yake. Hamira ya dukani haihusiki. Kisha inakenekwa mara mbili.

Namna ya kupima nguvu ndiyo inanifurahisha. Mzee mpikaji anachukua tete, anavuta mezcal kwa mdomo mpaka ipande, anaziba, halafu anaiachia ianguke ndani ya kibuyu. Anaangalia vipovu. Vikijipanga pembeni mwa kibuyu kama shanga na kukaa, pombe imefika. Vikipasuka haraka, ama ni kali mno ama imepoa mno, na hapo anajua achanganye nini na nini. Akitaka kuthibitisha kwa kipimo cha kioo anaweza, lakini kwa kawaida macho yamekwisha kusema.

Chapa za kutafuta: Del Maguey, iliyoanzishwa mwaka 1995 na msanii wa California, Ron Cooper, ndiyo iliyozoesha ulimwengu kuona jina la kijiji kwenye lebo. Tangu 2017 sehemu kubwa ya hisa ni ya Pernod Ricard, kampuni kubwa ya vinywaji ya Ufaransa, na wapo wanaoisusa kwa sababu hiyo. Mimi siisusi, Vida yao ya San Luis del Río ni ya kuchanganyia, na Chichicapa ni ya kunywa kavu. Ila ningeulizwa chupa moja tu ningesema Mezcal Vago. Lebo yao inakupa mpikaji, kijiji, aina ya agave, aina ya mtambo na namba ya mpiko. Wana hata moja inaitwa Elote, ambamo mahindi yaliyokaangwa yanaloekwa kwenye mezcal kabla haijakenekwa tena. Mpenzi wa mahindi ya kuchoma ya barabarani ataielewa bila kufundishwa. Rey Campero, kutoka Candelaria Yegolé, nayo ni ya kuaminika.

Nafasi ya 2: Tequila blanco ya agave asilimia 100

Hii ndiyo utakayoipata bila kuhangaika, na ikiwa nzuri ni nzuri kweli. Tequila kisheria inatokana na agave ya bluu peke yake, kutoka Jalisco na baadhi ya wilaya za majimbo mengine manne. Jina limelindwa tangu 1974. Chukua blanco, isiyolazwa kwenye pipa kwa muda mrefu, kwa sababu haina pa kujificha. Ladha ya agave iliyopikwa, pilipili manga, na harufu ya majani mabichi, basi.

Tafuta Fortaleza (NOM 1493), ya Guillermo Sauza, mtu wa kizazi cha tano katika ukoo wa Sauza. Anaisaga kwa jiwe na kuikeneka kwenye shaba. Tafuta Tapatío ya akina Camarena wa Arandas. Tafuta Siete Leguas (NOM 1120) ya Atotonilco, ambako sehemu ya kazi bado inafanywa na nyumbu. Hao Siete Leguas ndio waliokuwa wakipika Patrón ya mwanzo, kabla Patrón haijajenga kiwanda chake. Wanaolipia jina la Patrón mara nyingi hawajui kwamba mpishi wa awali bado yupo na bado anauza.

Kuna jambo moja la kuijua tequila kabla hujaipenda sana. Mashamba yake yamepandwa kwa machipukizi ya mama mmoja, miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo ugonjwa ukiingia hauchagui. Agave inakatwa kabla ya kutoa mlingoti wa maua, na popo wanaoishi kwa maua hayo wanakosa chakula. Rodrigo Medellín, mwanabiolojia wa popo wa Mexico, aliwashawishi baadhi ya wazalishaji waache asilimia 5 ya mimea ichanue. Chupa za namna hiyo zina alama ya popo. Ukiiona, inunue hata kama imezidi kidogo.

Nafasi ya 3: Raicilla na bacanora

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hizi ndizo zenye kisa. Pengine ningeziweka juu kama zingepatikana kirahisi.

Raicilla ni ya Jalisco, milimani na pwani, na jina lake lilipata ulinzi mwaka 2019. Wapikaji wengi wa huko wanatumia mtambo ambao mtu wa Mombasa au Pangani angeutambua asili yake kwa haraka: shina la mti lililotobolewa, limekalishwa juu ya sufuria ya moto, na juu yake karai la shaba lenye maji baridi. Mvuke unagonga chini ya karai, unageuka matone, yanadondokea kwenye mchirizi na kutoka nje. Ufundi huo ulifika pwani ya Pasifiki ya Mexico pamoja na mabaharia wa Ufilipino waliokuja na merikebu za Manila, watu wa mnazi, waliokuwa wakigema tembo la nazi na kulikeneka. Wenyeji wakauchukua wakautia agave. Ladha ya raicilla ina uchachu wa matunda, wakati mwingine harufu kidogo ya jibini. Si ya kila mtu. Mimi naipenda.

Bacanora ni ya Sonora, kaskazini, karibu na mpaka wa Marekani. Mwaka 1915 gavana Plutarco Elías Calles, aliyekuja kuwa rais baadaye, aliipiga marufuku. Ilikaa marufuku mpaka 1992. Miaka 77 watu waliipika kwenye mabonde, wakihamisha mitambo, wakimwaga waliposhtukia farasi wa serikali wanakuja. Hapo hatuhitaji mkalimani. Tanzania mpika gongo amekimbizana na polisi vizazi na vizazi. Kenya chang'aa iliruhusiwa kwa masharti mwaka 2010 tu. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, na enguli ya kijijini ikatakiwa iuzwe kiwandani, ikatoka huko imepewa jina la Waragi. Tofauti ni kwamba bacanora ilipohalalishwa, mwaka 2000 jina lake likalindwa kwa ajili ya Sonora, na mpikaji wa bondeni akapata mlango wa kuingia sokoni, ingawa gharama ya vibali inawaacha wengi nje mpaka leo.

Sotol nayo utaiona karibu na hizi rafuni. Haitokani na agave hata kidogo, inatokana na mmea mwingine wa jangwani. Ni nzuri, ila si ya mwongozo huu.

Nafasi ya 4: Mezcal ancestral ya vyungu

Kwa ladha peke yake hii ni namba moja. Nimeishusha kwa bei, kwani inapita dola 100 kirahisi, na kwa sababu anayeanzia hapa hatajua analipia nini.

Santa Catarina Minas, kusini mwa mji wa Oaxaca, wanakeneka kwa vyungu vya udongo vilivyojengewa kwenye jiko, chungu juu ya chungu. Kila kimoja kinabeba makumi ya lita tu, kwa hiyo mpiko mmoja ni safari nyingi za kujaza na kumwaga. Nyuzi za agave zinaingia humo pamoja na maji yake. Kanuni ya ancestral inadai hivyo. Agave nyingine inapondwa kwa nyundo za mbao, na wanaume wawili wakipokezana mtwango. Chungu kikipasuka ufa, mpiko umekwenda na maji. Udongo unaiachia mezcal ulaini mzito na harufu ya mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu. Real Minero, ya familia ya Ángeles, ndiyo chapa inayojulikana zaidi ya kijiji hicho. Graciela Ángeles Carreño anayeiongoza amekuwa mkali kuhusu kuotesha agave kwa mbegu, si kwa machipukizi peke yake.

Nafasi ya 5: Tobalá, tepeztate na wenzao wa porini

Subiri kwanza. Tepeztate inaweza kuchukua miaka 25 kukomaa. Tobalá haitoi machipukizi, inategemea mbegu. Wageni wamezipenda, na milima mingi imevunwa kuliko inavyojaza. Ukinunua, nunua kwa mzalishaji anayesema waziwazi kwamba anapanda upya, na uwe umeshakunywa espadín ya kutosha kuona tofauti. La sivyo umenunua umri wa mmea ambao ulimi wako haujausoma.

Nafasi ya 6: Reposado na añejo

Tequila ya reposado imekaa kwenye pipa angalau miezi 2, añejo mwaka 1. Mpenzi wa wiski atazifurahia. Lakini sheria ya tequila inaruhusu viongezi hadi asilimia 1 ya uzito, yaani rangi ya karameli, gliserini, dondoo la mwaloni na sharubati, bila kuvitaja. Ndiyo maana nyingine zinanukia vanila kama keki ya harusi. Zile zile familia za nafasi ya 2 ndizo za kuendea.

Za kuacha

Tequila isiyoandikwa “100%”. Sheria inataka angalau asilimia 51 ya sukari itoke kwenye agave, iliyobaki inaweza kuwa miwa, na inaruhusiwa kusafirishwa kwa matangi na kutiwa chupani nchi nyingine. Jose Cuervo Especial ni ya kundi hili. Kwenye kokteli yenye sharubati nyingi hutajua. Kwenye glasi tupu utajua, na kesho yake asubuhi utajua zaidi.

Mezcal yenye mdudu chupani. Mdudu huyo ni biashara ya miaka ya katikati ya karne iliyopita na hasemi lolote kuhusu ubora, zaidi ya kuficha upungufu wake.

Za watu maarufu sina ugomvi nazo. Mwigizaji George Clooney na wenzake waliiuzia Diageo, kampuni kubwa ya vinywaji ya Uingereza, tequila yao ya Casamigos mwaka 2017 kwa mapatano ya hadi dola bilioni 1. Inanyweka. Ila sehemu ya bei yake ni sura, na sura haionjwi.

Kwa wanaoagiza: msamaha wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa abiria mtu mzima ni lita 1 ya pombe kali, kwa hiyo chupa moja ya mililita 750 inapita na mbili hazipiti bila ushuru. Mwambie mletaji aiviringe kwenye nguo katikati ya begi kubwa, na akupigie picha ya lebo ya nyuma kabla hajalipa.