Stelingi kafa: tulivyoitazama "All Quiet on the Western Front" sebuleni kwa mjomba

Tulikuwa kumi na mmoja sebuleni kwa mjomba, Ngamiani, Tanga, tukiitazama filamu hiyo ya Kijerumani ya 2022 kuhusu Vita Kuu ya Kwanza, sahani ya mihogo ikizunguka. Vijana niliwazuga kidogo. Niliwaambia ni vita ya Wajerumani na Wafaransa, mabomu yapo ya kutosha. Kwamba imetokana na riwaya ya Erich Maria Remarque ya mwaka 1929, hilo nililimeza, maana ningetaja kitabu tu wangehamia kwenye mpira.

Mwanzo wake ndio uliotubana. Askari anayeitwa Heinrich anauawa, na kuanzia hapo kamera inazifuata nguo zake. Zinavuliwa, zinafuliwa mpaka maji yanakuwa mekundu, wanawake wamejipanga kwenye cherehani wanaziba matundu, kisha anakabidhiwa Paul, mwanafunzi aliyekuja kujiandikisha huku anacheka. Paul anaona jina la mtu mwingine kwenye kola, anarudi kuuliza. Karani anakinyofoa kile kitambaa cha jina, anamwambia pengine ilimbana mwenyewe, anakidondosha chini ya meza vilikolala vingine. Mama mdogo, fundi cherehani wa miaka mingi, akasonya: "Kumbe mtumba." Tukacheka wote, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Kwenye kitabu kipande hiki hakimo, na nakiri mwongozaji Edward Berger hapa kampiku mwandishi.

Tahadhari mbili. Ikianza na sauti za Kiingereza zilizopachikwa, badilisha uweke Kijerumani, midomo na maneno vipatane. Na msile mkiwa mnatazama. Alipofika Tjaden, askari mwenzake Paul, na ule uma anaojichoma nao shingoni, mihogo ilirudi jikoni.

Pale Paul anapomchoma kisu Mfaransa ndani ya shimo la bomu, kijana mmoja alishangilia. Mfaransa hakufa papo hapo. Anakoroma, Paul anamjaza udongo mdomoni anyamaze, kisha anautoa, anamnywesha maji, anamwomba msamaha, anakuta picha ya mke na mtoto. Yule mshangiliaji akainuka kwenda kunywa maji, akarudi kukaa mlangoni.

Kinachoniudhi ni walichokitupa. Katika riwaya Paul anarudi nyumbani likizo. Mama yake mgonjwa, wazee wanamfundisha jeshi lipitie wapi, naye hana la kuwajibu. Kwangu hapo ndipo moyo wa kitabu. Filamu imeikata yote, badala yake ikamleta mwanasiasa wa Kijerumani Erzberger, anayeomba vita isimamishwe ndani ya behewa la treni Compiègne, Ufaransa. Daniel Brühl anamwigiza vizuri, sina neno, ila kila tulipofika kwenye behewa, simu zilitolewa mifukoni. Wahakiki wa Ujerumani waliisema sana kwa kukipindua kitabu, wakati wenzao wa nje wakiimwagia tuzo, 4 za Oscar na 7 za BAFTA, zile tuzo za filamu za Uingereza. Niko na Wajerumani. Kwenye muziki tu nawaacha, kwani ile milio mitatu mizito ya kinanda nilikuwa bado naisikia usiku nikiwa kitandani.

Binamu yangu alikuwa anaturudishia wimbo wake tangu mwanzo: "Tulieni, stelingi hafi." Remarque alimuua Paul Oktoba 1918, siku tulivu isiyo na habari. Berger kamsogeza hadi 11 Novemba, dakika chache kabla ya saa 5 asubuhi, saa ya kusimamisha vita, kwa sababu jenerali mmoja anataka shambulio la mwisho. Binamu alisimama mbele ya televisheni: "Stelingi kafa? Sasa tulikuwa tunatazama nini?"

Mjomba, aliyefundisha historia mpaka anastaafu, akamjibu taratibu. "Saa 5 hiyo ni ya kwao. Siku hiyo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki, alikuwa bado porini na askari wake weusi na wapagazi. Kaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya Zambia ya leo, tarehe 25. Wiki mbili nzima! Na wapagazi wa upande wa Waingereza je? Jina la Kariakoo unadhani limetoka wapi? Ni Carrier Corps, kikosi chao cha wapagazi."

Hapo ndipo kikao kilipoanza. Tukaenda mpaka vita ya Tanga ya 1914 na wale nyuki waliowavamia askari wa Waingereza, televisheni imezimwa, binamu kakaa chini anauliza maswali.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa ajili ya likizo ya Paul.