Jiko la kuni la bomba: jiko zuri, ufungaji wa kwanza nusura utumalize

Jamani, hili jiko nimelitumia tangu Desemba mpaka sasa hivi Agosti, limepita msimu wa upepo wa kaskazi na wa kusi, ndo maana naandika leo na sikuandika ile wiki ya kwanza nilipokuwa namsifia fundi kwa kila mgeni anayeingia.

Mimi nauza maandazi na mbaazi za asubuhi hapa Makorora, Tanga. Naamka saa tisa usiku, mama yangu ananisaidia kukanda, na miaka yote tulikuwa tunapikia mafiga matatu kwenye jiko la uani, macho mekundu, kifua cha mama kikohozi hakiishi. Gesi ninayo, mtungi mdogo, nachemshia chai na uji wa mtoto, lakini sufuria ya mbaazi inayokaa motoni masaa matatu ukiipikia gesi faida yote inabaki kwenye mtungi. Najua kuna ule mkakati wa taifa wa 2024 mpaka 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia, na naukubali kabisa, sitasema kuni ni nishati safi eti kwa sababu zimewekewa bomba. Ila leo hii mimi kuni bado natumia, basi nizitumie bila kumuua mama.

Jiko lenyewe nimelichukua karakana moja ya Ngamiani, laki moja na themanini. Nje chuma kizito, ndani tofali za udongo, njia ya moto imejengwa kama herufi L, kuni zinaingia kwa chini moto unapanda juu, na sahani ina matundu mawili, moja la sufuria moja la karai. Hapo sina neno. Zile tofali zinashika joto mpaka moshi wenyewe unaungua, maana moshi ni kuni ambayo haijaungua ikaisha, na kweli mzigo wa kuni uliokuwa unaniishia siku nne sasa unafika wiki. Sufuria tu ikae sawasawa kwenye tundu, ikiwa ndogo moshi unatokea pembeni.

Tatizo ni ufungaji. Nilitoa elfu sitini, wakaja vijana wawili, saa moja wamemaliza. Bomba la bati jembamba, limetoka ukutani, likapinda elbo mbili, likaishia chini ya ukingo wa bati upande wa kusini. Desemba, Januari, Februari, safi kabisa! Nilikuwa naona moshi unaenda zake. Kumbe ni kaskazi, upepo unatoka upande wa pili wa nyumba. Aprili kusi ikaingia na mvua za masika juu yake, upepo ukawa unapiga moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba na moshi wote unarudi ndani. Sasa mvua inapiga, unga usilowe, mama akafunga mlango na dirisha.

Hapa naomba msome taratibu. Moshi ulipopungua tukaona afadhali, kuni zimebaki makaa mekundu tu, hakuna moshi unaoonekana. Mama akaanza kusema kichwa kinamgonga, akasikia kichefuchefu, miguu haina nguvu. Mimi nikadhani presha. Nikamtoa barazani apumzike, dakika chache akasema naona nafuu, akarudi ndani, kikaanza tena. Ile ni kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na makaa mekundu yasiyo na mwali yanaitoa kwa wingi, kwahiyo ule muda ambao macho hayawashi ndo muda mbaya zaidi. Daktari alituambia tungelala mle ndani tusingeamka. Ukiona kichwa kinauma jikoni na ukitoka nje kinapoa, usimeze panadol ukarudi, fungua kila kitu toka na watu wako wote, na mtu akibaki na hali hiyo mpeleke hospitali.

Niliwapigia wale vijana, wakasema jiko halijaharibika, ni upepo. Yaani upepo wa Tanga ni kitu kipya? Mtu anafunga bomba mji wa pwani hajui kusi!

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi bati, jirani wa shangazi yangu. Nikamwamkia, akaingia, hakuligusa jiko hata kidogo, akatoka nje akaangalia paa. Akaniambia, "Mwanangu, jiko lako zima, huna bomba." Akang'oa lote. Ameweka bomba la chuma kizito inchi nne, limepanda moja kwa moja hakuna elbo, limetokeza juu ya bati karibu mita moja, na akapima kabisa kwamba mdomo wake umepita kwa zaidi ya sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, maana kile kilele cha paa la jirani nacho kinarudisha upepo. Pale linapopita kwenye paa akahamisha papi mbili, akasema bomba tupu likae mbali na mbao kama sentimita 45, na kama nafasi haitoshi lazima kuwe na ngao ya bati yenye nafasi ya hewa nyuma yake. Lile bomba la kwanza lilikuwa limegusana na mbao kabisa, tulipotoa tukakuta mbao imeshakuwa nyeusi. Nilikaa chini.

Kitu kingine alichonionyesha, maungio. Wale vijana walichomeka bomba la chini ndani ya lile la juu, ndo maana ukutani kulikuwa na michirizi myeusi kama lami. Yeye kageuza, la juu linaingia ndani ya la chini, hiyo lami ikitiririka inarudi jikoni inaungua. Elfu themanini na tano na chakula cha mchana, na mimi nasema bei ndogo. Na kwa wenye jiko lililoezekwa makuti, aliniambia hatafunga bomba humo hata umlipe vipi, cheche moja tu inatosha.

Sasa matumizi. Kabla ya kuwasha nachoma karatasi mdomoni mwa jiko, mwali ukivutwa ndani ujue bomba linavuta, ukikutazama wewe kuna kitu kimeziba. Mafuta ya taa hayakaribii hapo, wala mifuko ya plastiki, nawashia makumbi ya nazi. Vifuu natia kimojakimoja maana moto wake ni mkali mno. Kuni za mkorosho na mwembe nazipasua nazipanga chini ya bati kama miezi sita hivi, ukigonganisha mbili zikalia kavu kah kah ziko tayari, zikitoa povu kichwani ni mbichi na ndizo zinazojaza masizi bombani. Mbao za ngalawa kuukuu na magogo yaliyookotwa ufukweni msiyatie, chumvi inakula chuma na moshi wake ni sumu, rangi ndo usiseme. Mikoko tusiikate, ni kosa kisheria na samaki wetu wanazaliana humo.

Kila mwezi nasugua bomba kwa brashi ya waya, jiko likiwa limepoa. Masizi yakijaa yanaweza kuwaka mlemle ndani ya bomba. Jivu naliweka kwenye debe la bati lenye mfuniko, nje, siku mbili kabla sijalimwaga, kaa moja linaweza kujificha humo limeshalala usiku mzima bado lina moto. Pembeni nina ndoo ya mchanga na mfuniko mkubwa wa karai, mafuta yakishika moto nafunika, maji kwenye mafuta ni balaa. Zimamoto ni 114, nimeandika ukutani kwa chaki ili hata mtoto aone. Na dera tuache dada zangu, lile kitambaa jepesi linashika moto likigandia mwilini, mimi navaa khanga ya pamba nimeikaza.

Jiko nalipa nyota nne, ufungaji wa karakana nyota moja na hiyo moja kwa sababu walifika kwa wakati. Nyota ya tano ya jiko nimekata kwa bawaba za mlango, hewa ya bahari imeshazila, na kofia ya bomba nayo imeanza kutu, mzee anakuja Jumamosi na nyingine.