Uzoefu wangu na The Boy in the Box cha David Stout: msikinyime nyota kwa sababu muuaji hakupatikana

Kitabu hiki nimekwisha kuwaazima watu kadhaa, na karibu wote wamekirudisha na lalamiko lilelile: kurasa zote hizo, halafu muuaji hajulikani! Shoga yangu mmoja, msomaji hodari wa riwaya za upelelezi, alisema amejiona kama mtu aliyealikwa karamuni akarudi nyumbani na njaa. Nimemwelewa, lakini sikubaliani naye hata kidogo. Naona kitabu kinahukumiwa kwa kosa ambalo si lake, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Stout alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Times, na kitabu kilitoka mwaka 2008. Ni habari ya kweli. Februari 1957, huko Fox Chase, kaskazini mashariki mwa jiji la Philadelphia, mtoto wa kiume alikutwa amekufa ndani ya boksi la karatasi ngumu lililotupwa kwenye vichaka kando ya barabara ya Susquehanna. Hakuwa na nguo, amezungushiwa blanketi la mirabaraba. Alikuwa na uzito wa kilo kumi na nne hivi, amekonda, mwili una michubuko, nywele zimekatwa ovyo muda mfupi kabla au baada ya kufa, vipande vyake vingine bado vimemganda mwilini. Madaktari walimkadiria kati ya miaka minne na sita. Hakuna aliyejitokeza kusema huyu ni wangu.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa chote. Mauaji ya mtoto yanatisha popote, lakini huwa kuna mama anayelia, kuna mjomba anayekwenda polisi, kuna majirani wanaojaa uani. Huyu hakuwa na mtu. Polisi walimvalisha nguo, wakamkalisha, wakampiga picha ili aonekane kama alivyokuwa hai, wakitumaini kwamba mtu angeutambua uso. Vipeperushi 400,000 vyenye picha yake vilichapwa, vingine vikatumwa majumbani pamoja na ankara za gesi. Jiji zima lilimtazama mtoto huyu usoni, na simu ya maana haikupigwa.

Sehemu inayoeleza upelelezi wa mwanzo ndiyo niliyoisoma mara mbili. Boksi lenyewe lilikuwa la kitanda cha kichanga kilichouzwa na duka la J.C. Penney huko Upper Darby, jirani tu na Philadelphia. Vitanda vya aina hiyo vilivyofika dukani havikuzidi kumi na viwili, na wapelelezi wakawafuata wanunuzi mmoja mmoja. Karibu na boksi ilipatikana kofia ya kodrai ya buluu, nayo wakaifuata mpaka kwa aliyeishona. Bill Kelly, mtaalamu wa alama za vidole, alizunguka hospitali akilinganisha nyayo za marehemu na zile ambazo watoto wachanga huchukuliwa wanapozaliwa. Baadaye akawaza kwamba huenda mtoto alikuja na wakimbizi wa Hungaria wa mwaka 1956, akapekua maelfu ya picha za pasi hadi akampata aliyefanana naye. Yule mtoto alikuwa hai, anaishi North Carolina. Wewe kama msomaji unafurahi kwamba yuko hai, na papo hapo unaona milango inavyozidi kufungwa.

Stout anajua kazi yake hapa. Anaandika kwa utulivu wa mtu wa gazeti, hapambi, hakulazimishi kulia. Kiingereza chake ni chepesi, na mwenye kidato cha nne kizuri atakisoma bila kushika kamusi kila dakika. Mwili wa mtoto anauelezea kwa kiasi kinachohitajika, kisha anaondoka. Hata hivyo, mama mmoja tunayesoma pamoja, ambaye ni muuguzi wa wodi ya watoto, alikiweka chini mapema na hakukirudia. Alisema huko kazini ameona ya kutosha. Wenye majeraha ya aina hiyo wafikirie mara mbili kabla ya kukifungua, na wasione aibu kukiacha.

Moyo wa kitabu, kwangu mimi, ni Remington Bristow. Alifanya kazi katika ofisi ya jiji inayochunguza maiti, na kesi hii ilipopoa yeye hakuiachia. Aliendelea nayo kwa muda wake na kwa fedha zake hadi alipofariki mwaka 1993. Katika mkoba wake alitembea na umbo la plasta la uso wa mtoto. Mume wangu aliposikia hilo alisema mtu huyo hakuwa sawa, na najua wasomaji wengine wanaona hivyohivyo. Mimi naona alikuwa amechukua nafasi iliyoachwa wazi. Maiti isiyo na ndugu huzikwa na serikali, kila nchi ina makaburi ya namna hiyo, na mtoto huyu alizikwa huko Julai 1957. Polisi wenyewe walichanga fedha za kuweka jiwe lenye maneno ya kumwomba Mungu ambariki mtoto asiyejulikana. Watu waliokuwa wanatimiza wajibu wa ajira tu wakageuka kuwa wafiwa. Kesi ilipofunguliwa upya mwaka 1998, aliyeisimamia ni Sam Weinstein, askari aliyekuwapo vichakani kijana mwaka 1957 na sasa amerudi mzee. Alifanya hivyo kupitia Vidocq Society, chama cha wapelelezi wastaafu na wataalamu wanaojitolea kuchunguza kesi zilizolala. Mwaka huohuo kaburi lilifukuliwa ili kupata vinasaba, na mtoto akazikwa upya katika makaburi ya Ivy Hill.

Anayesema kitabu hakina mwisho, basi hajawatazama wazee hawa.

Sasa niseme lisilonipendeza, maana lipo na si dogo. Kitabu kinawapa nafasi kubwa mno watu walioshukiwa. Bristow, kwa kuongozwa na mwanamke mpiga ramli wa New Jersey, aliamini kwamba mtoto alitoka katika nyumba moja ya karibu iliyokuwa ikilea watoto wasio na wazazi. Aliishikilia imani hiyo mpaka kufa kwake. Kisha miaka ya mwanzo ya 2000 akaja mwanamke anayetajwa kwa herufi M, aliyesema kwamba mama yake mzazi alimnunua mtoto huyo, akamtesa, akamuua bafuni, na kwamba jina lake lilikuwa Jonathan. Baadhi ya aliyoyasema yalioana na mwili wa marehemu, kwa mfano ngozi ya mikono na miguu iliyojikunja kama iliyokaa majini. Lakini majirani walikana kwamba mtoto kama huyo aliwahi kuishi mle ndani, na M alikuwa na historia ya maradhi ya akili. Polisi hawakuweza kuthibitisha.

Wasomaji wengi niliozungumza nao waliondoka wakimwamini M moja kwa moja. Hilo linanihuzunisha, kwa sababu simulizi yake ndiyo yenye umbo la riwaya, kwa hiyo ndiyo inayokaa kichwani. Mwanamke anayetuhumiwa alikuwa marehemu, hana mdomo wa kujitetea. Wale wa nyumba ya malezi nao walihojiwa na wapelelezi, wakabaki na doa ambalo hakuna mahakama iliyowahi kuwapaka. Kwa maoni yangu Stout angetenganisha kwa ukali zaidi kilichothibitishwa na kinachosimuliwa. Hapo nampunguzia nyota moja, na sitairudisha.

Atakayekisoma leo anakisoma akiwa na jambo ambalo mwandishi hakuwa nalo. Tarehe 8 Desemba 2022 polisi wa Philadelphia walitangaza jina. Mtoto aliitwa Joseph Augustus Zarelli, amezaliwa tarehe 13 Januari 1953, kwa hiyo alikufa akiwa na miaka minne. Mabaki yake yalikuwa yamefukuliwa tena mwaka 2019, na vinasaba, japo vilikuwa vimechakaa vibaya, vikaweza kulinganishwa na vya watu waliojiandikisha katika hifadhi za nasaba. Wakapatikana ndugu wa mbali wa upande wa mama, ndipo wapelelezi wakaomba amri ya mahakama ya kuona kumbukumbu za vizazi za mwanamke waliyedhani ndiye mama yake. Cheti cha kuzaliwa kikamwonyesha baba, na vinasaba vya upande wa baba vikathibitisha. Stout hakuliona hilo. Alifariki mwaka 2020.

Kwa hiyo soma kitabu kwanza, kisha tafuta habari za tangazo hilo. Ukifanya kinyume, utakuwa unazipita kurasa za Bristow kwa papara, na hizo ndizo zinazostahili muda wako. Jonathan wa M hakuwa Jonathan. Mtoto wa mkimbizi hakuwa mtoto wa mkimbizi. Alikuwa mtoto wa jijini, na polisi walisema familia yake ilikuwa na uhusiano na eneo la mtaa wa 61 na Market, magharibi mwa Philadelphia. Jiwe la kaburi lake sasa lina jina, liliwekwa siku ambayo angetimiza miaka sabini.

Nani alimuua, bado. Polisi wamesema wana wanayemshuku, hawakumtaja. Wazazi wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Majina yao hayakutangazwa siku ile kwa sababu ndugu zake, wa upande wa mama na wa upande wa baba, wapo hai. Na hapa nina neno na wasomaji wenzangu. Kuna watu ambao, baada ya kufunga kitabu, wanaanza kuwawinda ndugu hao mtandaoni, wanatafuta picha zao, wanajenga kesi. Nimemsikia mtu akisema kwa fahari kwamba amekwisha kujua ni nani. Ndugu hao ni wazee ambao huenda walisikia habari za kaka yao siku ileile tuliyosikia sisi. Niacheni nimlilie yule aliyekufa bila kuwaumiza walio hai kwa udadisi wangu.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Mpe anayependa kujua upelelezi unavyofanyika kwa miguu kabla ya kompyuta, na mpe anayefanya kazi na watoto ikiwa ana moyo wa kuhimili. Usimpe anayetaka pingu zifungwe ukurasa wa mwisho. Mimi nilikisoma kwenye simu. Nakala ya karatasi niliagiza baadaye kwa ajili ya kuazimisha.

Ninachosubiri sasa ni kitabu kingine, kitakachoanzia pale jina lilipopatikana. Joseph alikuwa na cheti. Aliandikishwa, ana mama, ana baba, tarehe yake ipo katika daftari la serikali. Kati ya Januari 1953 na Februari 1957 aliishi kwa nani? Nani alimlisha, na nani aliacha kumlisha? Nani aliyaona majengo yale ya mtaani kila siku, akamwona mtoto akicheza, kisha asimwone tena, halafu akapokea ankara ya gesi yenye picha yake ndani? Polisi walipotangaza jina waliwaomba watu wa enzi hizo wenye kumkumbuka wajitokeze. Mwandishi atakayewapata na kuwasikiliza bila kuwatisha, kitabu chake nitakinunua siku kitakapotoka.